Kuhubiri misheni mbele ya waliokwisha kuitwa

Swali: Mwalimu, Bwana Yesu asifiwe. Niko mwaka wa mwisho katika chuo cha teolojia, na nimepangiwa kuhubiri kwenye ibada ya chuo katika juma la misheni. Nimepewa dakika 20. Kila mwaka tunasikia "Enendeni" na "Mimi hapa, nitume mimi", tunaonyeshwa picha, walio tayari kwenda wanaambiwa wasimame, tunasimama karibu wote, kisha maisha yanaendelea kama kawaida. Walimu walionifundisha kuhubiri watakuwa wamekaa mbele. Nihubiri andiko gani, na nihubirije ili yasiwe yale yale? Niwaite watu mbele? Na jambo jingine: mimi mwenyewe sioni kwamba ninaitwa kwenda mbali, nitarudi kuchunga usharika. Nina haki ya kuhubiri habari hii?

Jibu: Amina, ndugu yangu, asifiwe milele.

Kabla ya kutafuta andiko, watazame watakaokusikiliza. Mahubiri ya misheni tuliyoyazoea yameandaliwa kwa ajili ya usharika ambao haujafikiri kabisa habari ya kwenda. Mhubiri anauamsha, anauonyesha uhitaji, anaushawishi, na mwisho anaomba jibu. Mahubiri hayo hayo yakiletwa kwenye kanisa la chuo yanakutana na watu walioacha kazi, walioaga nyumbani, waliohojiwa na kamati na kuandika kwa mkono wao jinsi walivyoitwa. Hao wamekwisha kusema ndiyo. Ukiwaomba waseme tena watasema, tena kwa moyo wa kweli, na jioni mambo yatakuwa kama yalivyokuwa asubuhi. Sidhani hata kidogo kwamba ninyi ni wagumu wa mioyo. Mmejibu swali mlilokwisha kulijibu miaka mitatu iliyopita.

Yapo maswali ambayo hamjaulizwa. Wito wako ni mali ya nani, yako au ya kanisa? Nani atakutuma, na atakukumbuka mpaka lini? Utafanya nini mahali pasipo na mavuno? Ukishindwa ukarudi, utapokelewaje, na wewe utampokeaje mwenzako aliyerudi? Ukiwa mchungaji na Mungu akamtaka mzee wako wa kanisa aliye bora kuliko wote, utamwachia? Mwanachuo anahitaji kuhubiriwa yanayofuata baada ya ndiyo, na Biblia inayo mengi ya namna hiyo. Kwa hiyo shauri langu kubwa ni hili: chagua andiko la kutumwa, kisha lihubiri mpaka mwisho wake, upite pale ambapo sisi wahubiri tumezoea kukomea.

Isaya 6 itakuonyesha ninachosema. Nimeisikia sura hiyo ikihubiriwa mara nyingi kwenye ibada za wanafunzi, na karibu kila mara mhubiri hukomea mstari wa 8. "Mimi hapa, nitume mimi." Wimbo unaanzishwa, watu wanasimama. Lakini Mungu bado anasema. Katika mstari wa 9 na wa 10 Isaya anaambiwa kwamba watu anaotumwa kwao watasikia wasifahamu na kuona wasitambue. Ndipo nabii anauliza, "Ee Bwana, hata lini?", na jibu analopewa ni miji kuwa maganjo na nchi kubaki ukiwa. Matumaini yanakuja mwishoni kabisa mwa mstari wa 13, nayo ni kisiki, na mbegu takatifu ndani yake. Mtu aliyehubiriwa mistari hiyo mitano akiwa bado chuoni atakuwa na kitu cha kushika siku atakapokuwa amehubiri miaka miwili mahali pamoja bila kuona hata mmoja akigeuka. Aliyeishia mstari wa 8 atadhani amekosea njia.

Hata Mathayo 28, sura ambayo kila mmoja hapo anaijua kwa moyo, ina mstari wa 17 ambao hurukwa. Wale 11 walipomwona Yesu walimsujudia, "lakini baadhi yao waliona shaka". Agizo la kwenda kwa mataifa yote lilitolewa kwa kundi lenye shaka ndani yake, wala Yesu hakuwaweka kando wenye shaka kwanza. Chuoni kuna watu wanaosoma hoja za wasomi juu ya Maandiko hadi usiku wa manane na asubuhi wanaongoza sala, na wengine wanabeba maswali ambayo hawajamwambia mtu. Mstari huo unaweza kumfungua mtu wa namna hiyo kuliko picha zote za juma la misheni.

Ila ningekuwa mahali pako ningechukua Matendo 13:1-3, kwa sababu sioni andiko linalofanana na chuo cha teolojia kuliko hilo. Watajwa ni watano, wote manabii na walimu: Barnaba, Simeoni aitwaye Nigeri, Lukio wa Kirene, Manaeni aliyelelewa pamoja na Herode, na Sauli, yaani Paulo. Wamo ibadani, wamefunga. Roho Mtakatifu anasema, "Nitengeeni Barnaba na Sauli kwa kazi ile niliyowaitia." Wanafunga tena na kuomba, wanawawekea mikono, wanawaacha waende.

Ningeanza hivi, bila utangulizi:

"Kanisa la Antiokia lilikuwa na walimu watano. Ibada ilipokwisha likabaki na watatu. Roho Mtakatifu hakuwagusa wale ambao kanisa lingeweza kuishi bila wao. Alimchukua Barnaba, aliyewatia moyo waamini wakiwa bado wachanga, na alimchukua Sauli, ambaye Barnaba alimfuata mpaka Tarso ili aje kuwafundisha. Asubuhi ya leo tutawatazama hao wawili waliokwenda. Lakini kwanza tuwatazame watatu waliobaki."

Ukishasema hivyo walimu wako hawatakuwa tena watu wa kukupa maksi. Watakuwa wamekwisha kuingia ndani ya andiko, maana ni wao wanaokaa mwaka baada ya mwaka, wanafundisha, wanaombea, na kila mwisho wa mwaka wanawaachia waliowapenda. Na wenzako wengi wataingia pia, kwa sababu ukweli ni kwamba walio wengi wenu mtabaki kama Simeoni, Lukio na Manaeni, ambao Luka, mwandishi wa Matendo, hatuambii habari zao tena katika kitabu chake. Kazi yao katika sura hii ni kusikia, kufunga, kuomba, kuweka mikono na kuachia. Bila hiyo hakuna safari ya kwanza ya Paulo.

Rudi nyuma kidogo pia, kwenye Matendo 11:19-26, ingawa kwa sentensi mbili tatu tu. Kanisa hilo la Antiokia lilianzishwa na watu waliotawanyika kwa sababu ya dhiki iliyotokea kwa habari ya Stefano. Luka anatuambia walikuwa watu wa Kipro na Kirene, basi. Majina yao hatuna. Waliwahubiria Wayunani wa mji mkubwa, wakapanda kanisa ambalo baadaye lilimtuma Paulo. Kanisa linalotuma lilizaliwa na wakimbizi. Nimeona wanafunzi ambao hawana udhamini wala jina kubwa wakiinua vichwa waliposikia hilo.

Kisha kaa juu ya neno lile "Nitengeeni", maana limesemwa kwa nani? Limesemwa kwa waliobaki. Sauli alikuwa amekwisha kuitwa zamani. Tangu siku ya Dameski, Bwana alimwambia Anania kwamba mtu huyo ni chombo kiteule cha kulichukua jina lake mbele ya mataifa. Miaka imepita, na wito ule sasa unakabidhiwa mikononi mwa wengine wauthibitishe na kuuachilia. Mwanafunzi anayesema "Mungu ameniambia, sihitaji kuulizwa na mtu" aonyeshwe Sauli akiwekewa mikono na Manaeni. Na kiongozi wa kanisa anayezuia watu wake wazuri kwa kuwa usharika utayumba, naye aonyeshwe Antiokia. Barnaba na Sauli walikuwa ndio walimu waliolifundisha kanisa hilo mwaka mzima.

Historia inayo mfano unaowahusu wanafunzi wa teolojia moja kwa moja, na ningeutumia hapo. Mwaka 1810 wanafunzi wa seminari ya Andover, Massachusetts, walikwenda mbele ya mkutano wa wachungaji na barua. Waliandika kwamba wanaona wajibu wa kupeleka Injili kwa mataifa ya mbali, wakauliza wazee kama fikra hiyo ni ndoto tu waiache, na kama sivyo, je, kuna chama cha misheni nchini mwao kitakachowatuma? Sita walikuwa wametia majina yao. Majina mawili, Luther Rice na James Richards, yakaondolewa kwa hofu kwamba idadi ya sita ingewatisha wazee. Mwaka huo huo wazee wakaunda bodi ya kwanza ya Wamarekani ya kutuma wamisionari ng'ambo, na Februari 1812 wa kwanza wakapanda meli, Rice akiwa mmoja wao. Ninachokipenda katika habari hii ni ile barua. Vijana wale walikuwa na moto, na moto wao waliuweka mezani kwa wazee wakasubiri kuambiwa.

Adoniram Judson alikuwa mmoja wa waliotia sahihi. Yeye na mkewe Ann walifika Burma (leo Myanmar) mwaka 1813, na mtu wa kwanza kubatizwa kwa kazi yao alibatizwa mwaka 1819. Hesabu mwenyewe. Katikati ya miaka hiyo walijifunza lugha, walizika mtoto, walisubiri. Ukihubiri habari za Judson, usikimbilie Biblia aliyoikamilisha kwa Kiburma mwaka 1834. Iache ile miaka sita ikae masikioni mwa wasikilizaji kwa muda.

Hapa niseme neno juu ya visa vya wamisionari, kwa sababu juma la misheni huwa limejaa visa. Hakikisha kisa chako kabla ya kukipandisha mimbarani. Utasikia mara nyingi kwamba vijana wawili wa Kanisa la Moravia walijiuza utumwani ili wawahubirie watumwa wa visiwa vya Karibi. Leonhard Dober, mfinyanzi, na David Nitschmann, seremala, walisafiri kweli mwaka 1732 kwenda St. Thomas. Walikuwa tayari hata kufanya kazi bega kwa bega na watumwa ikibidi. Lakini hawakujiuza, na Nitschmann alijitafutia riziki kwa useremala. Kisa cha kweli kina nguvu ya kutosha: jumuiya ndogo ya wakimbizi wa imani pale Herrnhut, Ujerumani, ikatuma mafundi wawili kwa watu ambao wakoloni waliwahesabu kama mali. Ukikitia chumvi na mwalimu wa historia ya kanisa yuko mbele yako, atakachokumbuka ni chumvi.

Na chagua visa visivyokuwa vya mashujaa peke yao. William Carey aliondoka Uingereza kwenda India mwaka 1793. Mkewe Dorothy alikataa kwanza, akakubali dakika za mwisho akiwa na mtoto mchanga. Mwaka uliofuata mtoto wao Peter akafa, na Dorothy akaugua akili mpaka kifo chake mwaka 1807, huku mumewe akitafsiri Maandiko katika nyumba hiyo hiyo. Siwezi kukuambia kila mhubiri afanye nini na habari hiyo, lakini najua kwamba katika nyumba za chuo chako wapo wake na waume wa wanafunzi ambao hakuna aliyewahi kuwauliza kama nao wameitwa. Wengine watakuwa ibadani siku hiyo. Sentensi moja inayowatambua, inayosema wazi kwamba wito wa mmoja unaibeba nyumba nzima na kwamba nyumba nzima inastahili kusikilizwa, itafanya kazi ambayo dakika kumi za msisitizo haziwezi.

Usisahau vilevile kwamba wamisionari hawakutoka upande mmoja wa dunia. Apolo Kivebulaya alitoka Uganda mwaka 1896 akavuka kwenda Mboga, ambayo leo iko Kongo. Alipigwa, alifungwa, aliondoka, akarudi, na alifia huko huko mwaka 1933. Mwanafunzi akisikia majina ya Wazungu tu kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa ya juma la misheni, atajifunza kwamba yeye ni mtu wa kupelekewa.

Hilo linanipeleka kwenye jinsi utakavyowataja watu ambao misheni inawaendea. Kanuni yangu ni moja: hubiri kana kwamba mtu wa jamii hiyo amekaa safu ya tatu. Mara nyingi katika chuo amekaa kweli. Maneno kama "watu wa gizani", picha za watoto wenye njaa ambao hakuna anayejua majina yao, vichekesho kuhusu mila za watu, hayo yote yanamfundisha mhubiri mtarajiwa kudharau anaotumwa kwao kabla hajafika. Mwaka 1910, kwenye mkutano mkubwa wa misheni uliofanyika Edinburgh mbele ya wajumbe wapatao 1,200, V. S. Azariah kutoka India alisimama akazungumzia uhusiano wa wamisionari na Wakristo wa nchi walikokwenda. Aliwashukuru kwa kujitoa kwao, mali zao na hata maisha yao, kisha akawaambia wanachokiomba ni upendo: tupeni marafiki. Baadhi ya waliomsikia hawakufurahi. Miaka zaidi ya mia imepita na sijapata swali bora la kumpima mtu anayejiandaa kwa misheni: ana rafiki yeyote miongoni mwa watu anaosema anawapenda? Unaweza kuliuliza swali hilo kwa upole kabisa ukiwa mimbarani na ukanyamaza kidogo.

Turudi kwenye Matendo. Usikomee 13:3. Nenda mpaka 13:13, Perga, ambapo Yohana Marko anawaacha na kurudi Yerusalemu. Luka hatuelezi kwa nini, nasi tusijifanye tunajua. Nenda mpaka mwisho wa sura ya 15, ambapo Paulo na Barnaba, wale wale waliowekewa mikono pamoja, wanagombana juu ya Marko hata wanatengana. Halafu fungua 2 Timotheo 4:11, Paulo akiwa mfungwa na mwisho wake ukiwa karibu: "Umtwae Marko, umlete pamoja nawe, maana anifaa kwa utumishi."

Nimewahi kumsikia mwanafunzi wa kike akihubiri habari hiyo kwenye ibada ya chuo. Hakumtetea Marko wala hakumlaumu. Alisoma vifungu vitatu kwa mfuatano, akaeleza ni njia gani walipita kutoka Pafo hadi Perga na milima iliyokuwa mbele yao, kisha akasema, "Barnaba alimchukua tena." Alirudia sentensi hiyo mara moja tu akaendelea. Katika siku zilizofuata wanafunzi kadhaa, mmoja baada ya mwingine, walikuja kuniona wakitaka kuzungumza juu ya hofu ya kushindwa. Katika miaka yao yote chuoni hakuna aliyekuwa ameligusa jambo hilo mbele yao. Nilikuwa nikifundisha somo la kuhubiri, na ile ibada iliwafikia mahali ambapo darasa langu halikufika.

Lakini huwezi kuyabeba yote hayo kwa dakika 20, na hapa ndipo wahubiri wa ibada za chuo huanguka. Kwa hesabu yangu, toa dakika kama 12 kwa mistari ile mitatu ya mwanzo, dakika 5 kwa Perga na yaliyofuata, na zinazobaki ziwe za mwisho. Kisa cha historia kiwe kimoja. Ukichagua Andover, mwache Apolo kwa siku nyingine, na ukimchukua Apolo, Andover ingoje. Andika mahubiri yote, neno kwa neno, hata kama hutayasoma. Kisha yasome kwa sauti ukiwa umesimama, saa mkononi. Yakifika dakika 24, kata. Usijitume kuongea haraka. Salamu kwa mkuu wa chuo, wakuu wa idara na wageni mwachie anayeongoza ibada.

Kuhusu walimu: umesoma lugha za Biblia, umesoma tafsiri na mazingira ya kitabu, na kazi hiyo lazima uifanye yote, tena vizuri kuliko ulivyoifanya kwa ajili ya mtihani. Ila ni jukwaa la waashi. Nyumba ikisimama linaondolewa, na mwalimu mzuri ataona ukuta umenyooka bila kuonyeshwa mbao. Usitaje majina ya wafasiri. Usiorodheshe maoni. Dietrich Bonhoeffer, mwanateolojia Mjerumani, aliongoza seminari ya Finkenwalde tangu 1935 hadi Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, walipoifunga mwaka 1937, na somo la kuhubiri alilianza kwa kuwafunza wanafunzi kuyasikiliza mahubiri. Mahubiri ya ibadani, hata ya mwanafunzi dhaifu, yalitakiwa kusikilizwa kama neno la Mungu. Walimu wako wengi, nadhani, wanatamani kusikia hivyo. Wanasahihisha kutwa nzima. Wape neno, nao watafurahi kupumzika kusahihisha.

Pia, kabla hujaandika mstari hata mmoja, tafuta mtu aliyekwenda akarudi. Awe mmisionari, mchungaji aliyetumikia mahali pagumu, au mwinjilisti aliyestaafu. Muulize ni kitu gani alikihitaji ambacho hakukipata chuoni, na ni nini kilichomzuia kuondoka siku alizotaka kuondoka. Si lazima umnukuu. Majibu yake yatabadilisha sauti yako, na wasikilizaji watajua umekaa na mtu.

Sasa swali la kuwaita watu mbele. Siku hiyo, usiwaite. Sina ugomvi na desturi hiyo, na wapo watu wengi walioanza huduma kwa kutoka kwenye kiti wakaenda mbele. Ila katika chuo chenu kusimama kumekwisha kuwa sehemu ya ratiba, na anayebaki ameketi anaonekana mbaya, kwa hiyo hakuna anayejua ni nani aliyejibu kweli. Lifuate andiko lako mwenyewe. Antiokia walifunga na kuomba. Zungumza mapema na mchungaji wa chuo, muombe chakula cha mchana cha siku hiyo kiwe cha hiari, na wanaotaka wafunge na kukutana kuwaombea wahitimu waliotumwa, kwa majina. Mmoja aongoze, maombi yawe mafupi na ya wazi: huyu ana homa, huyu gari lake limekufa, huyu yuko peke yake. Angalizo moja hapo, na tafadhali lizingatie: kama kuna ndugu wanaotumika mahali ambapo imani inawaweka hatarini, msitaje majina yao wala walipo kwenye ibada inayorekodiwa au kurushwa. Wapo waliopata taabu kwa sababu ya tangazo lililotolewa kwa nia njema.

Na kama katika siku hizo mtu atakuja kukuambia kwamba anahisi anaitwa kwenda mahali fulani, usimpigie makofi ukaishia hapo. Mpeleke kwa wanaomjua. Mchungaji wake, mwalimu mmoja anayemwamini, mwenzi wake wa ndoa kama anaye. Wale wa Andover walifanya hivyo kwa barua.

Neno moja juu ya fedha, kwa kuwa chuoni halisemwi na ninyi ndio mtakaokuwa mnapitisha bajeti za sharika muda si mrefu. Paulo anawaandikia Warumi waziwazi kwamba anataka kwenda Hispania na anatumaini wamsafirishe (Warumi 15:24). Anawashukuru Wafilipi kwa kuwa walimtumia mahitaji yake zaidi ya mara moja alipokuwa Thesalonike. Yohana, katika waraka wake wa tatu, anamwambia Gayo awasafirishe watumishi "kama ipasavyo kwa Mungu". Kutuma kunagharimu, na kanisa lililoweka mikono juu ya mtu halafu likasahau nauli yake halijamaliza kumtuma. Hata kama hutalisema hilo mimbarani, lijue, maana litaathiri jinsi unavyoomba mwishoni.

Umebakiza swali la haki yako ya kuhubiri. Wewe utakayerudi kuchunga usharika ndiye hasa ningependa kumsikia kwenye juma la misheni, kwa sababu andiko hili lina watu wa aina yako ndani yake: Simeoni, Lukio, Manaeni. Mtu asiyekwenda akihubiri kwa nguvu kuwahimiza wengine waende, wasikilizaji hupima, na wana haki ya kupima, kama anawarushia mzigo ambao yeye hataki kuubeba. Kwa hiyo waambie ukweli mapema, mara tu baada ya ule mwanzo wa walimu watano, kwa sentensi moja isiyo na maelezo mengi: "Mimi, kwa kadiri ninavyojua leo, ni mmoja wa watakaobaki, na ninataka kujifunza kutoka kwa hawa watatu jinsi ya kubaki." Kisha endelea na mstari wa pili.